Bei ya Herufi

Kibanda changu kiko Luanda, kando ya reli.
Natengeneza vibao vya makaburi:
saruji, kokoto laini, rangi nyeusi ya kujazia.
Herufi moja shilingi thelathini. Msalaba ni bure.

Mwalimu Kleofa Ombayo alikuja na daftari lililovimba kwa unyevu.
Ujana wake aliupeleka seminari, akarudi bila kanzu
ila na Kigiriki, ambacho huku Bunyore hakinunui hata chumvi.
Akanionyesha picha: jiwe la nchi za mbali, limevunjika bega.
"Soma," akasema, akijua siwezi.

Sikusoma. Nilitazama.
Mstari wa tatu herufi zinaanza kubanana
kama kuku tengani,
na ya mwisho imepanda mgongoni mwa mwenziwe,
ndogo, imekunja magoti.
"Hapa fundi aliishiwa nafasi," nikamwambia.
"Hakupima kwa kamba. Na hapa patasi iliteleza."
Mwalimu akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Kisha akanisomea, kidole kikitambaa:
Mtakatifu (jina limekatika) msaidie mtumishi wako
na watoto wake
na yule ambaye jina lake Mungu analijua.
"Kwa mawe kama haya," akasema, "tunajua
kwamba watu wa kale waliwaita marehemu wao wawaombee.
Vitabu waliandika maaskofu.
Mawe mengi yalilipiwa na wenye shida."

"Aliitikia?"
"Nani?"
"Huyo mtakatifu."
Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akafuta tena.
"Jiwe linasema mtu aliita. Hapo ndipo linapoishia."

Wiki hiyo wanawake wa Ebusakami waliniletea kazi,
fedha zimefungwa kwenye leso, sarafu nyingi kuliko noti.
Kibao cha Yunia Andeso, mkunga,
aliyepokea nusu ya kijiji, na mimi ndani yake:
nilikuja miguu kwanza, husema mama,
Yunia akanigeuza huku akinigombeza
kabla sijapata hata sikio la kusikia.
Tangu afe, anayeshikwa na uchungu humwita.
Yunia, shika. Yunia, fungua.
Muuguzi wa zahanati ameshazoea, hauulizi tena ukoo wake.

Walitaka niandike: YUNIA UTUOMBEE.

"Hapana," akasema Katekista Zebedayo.
"Mtakatifu hutangazwa, hachongwi.
Andika jina, miaka, pumzika kwa amani. Basi."
Ufunguo wa lango la makaburi unaning'inia shingoni mwake.
Nani atabishana?

"Basi majina yetu, sisi tuliochanga?"
Walikuwa arobaini na mmoja. Mmoja alichanga mayai.
Nikapiga hesabu kwa kipande cha chaki:
leso nzima ingeishia kwa Rosba,
na Rosba ni wa saba.

Usoni nikaandika alivyotaka katekista,
herufi zimenyooka, zimepimwa kwa kamba.
Lakini kibao kina kisigino,
shubiri nzima inayoingia ardhini.
Pale, saruji ikiwa bado mbichi,
nikashika msumari wa inchi nne:

YUNIA WASHIKE MKONO
HAWA WALIOLIPA
MUNGU ANAJUA MAJINA

Niliishiwa nafasi. Ile A ya mwisho
imepanda juu ya N, imekunja magoti.

Siku ya kusimamisha, Zebedayo alisifu mistari.
Mwalimu alichuchumaa shimoni, akapitisha kidole kisiginoni
polepole, midomo ikicheza bila sauti,
kama alivyofanya kwenye picha.
Alipofika mwisho akakohoa,
akaomba koleo,
akatia udongo wa kwanza yeye mwenyewe.

Herufi za chini sikuzitoza.
Mayai niliyachukua.